Tuwafungie chumba cha uani mpaka waache? Jibu kwa dada wa Tanga

Barua yenyewe, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Naishi Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, unga alianza akiwa na 20, kwanza akichanganya na bangi, sasa anajidunga. Mwaka juzi tulichanga tukampeleka nyumba ya upataji nafuu, akakaa miezi minne, akarudi amenenepa, anasali, mama akaita watu wakasoma dua. Wiki ya tatu simu yangu ikapotea, tukajua. Wenzake wanamwambia akanywe methadoni. Mama hataki, anasema huo ni unga wa serikali, akianza hataacha mpaka kaburini. Mjomba aliye Mombasa anasema mleteni huku abadili hewa. Shangazi yeye anataka tumfungie chumba cha uani wiki mbili. Na kwa kuwa tutakuwa tunapeleka chakula, anasema tumweke na baba mdogo humo humo, maana naye gongo imemzidi, asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka apate glasi ya kwanza. Tufanye lipi?"

Marahaba, mwanangu. Dokta si mimi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu imepita nyuma ya dirisha dogo la kutolea methadoni, dawa wanayopewa walionaswa na unga (heroini) ili waweze kuuacha. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja. Naanza na lile uliloliweka mwishoni kama nyongeza, maana ndilo lililonifanya niache mengine nikujibu leo.

Baba mdogo asifungiwe. Nyumbani mnamwona yeye ndiye mwenye nafuu: mtu mzima, haibi, anakunywa akalala. Mnaogopa arosto ya mdogo wako, yaani maumivu ya kukosa unga, kwa sababu mmeiona, anajikunja, anatapika, analia. Kumbe ukiwaweka wawili hao chumba kimoja ukafunga mlango, anayeweza kutoka humo maiti kabla ya siku ya nne ni mnywaji wa gongo.

Umenipa dalili mwenyewe bila kujua. Mikono inayotetemeka asubuhi ikatulia kwa glasi ya kwanza maana yake ni kwamba ubongo wake umeshazoea kufanya kazi chini ya pombe. Pombe inaukandamiza, nao kwa miaka umejifunza kusukuma upande wa pili ili angalau aweze kutembea na kuongea. Ukiiondoa pombe ghafla, ule msukumo unabaki peke yake. Saa sita hadi kumi na mbili za kwanza anatetemeka na kutoka jasho. Degedege huweza kumpiga ndani ya siku mbili za mwanzo, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huingia kwenye kuweweseka: anaona wadudu wanapanda ukutani, anazungumza na marehemu babu, moyo unakwenda mbio, mwili wa moto. Hapo ndipo familia zetu hupoteza muda. Wanasema amepandwa, anatafutwa mtu wa kumsomea au mganga, na anapofikishwa hospitali siku mbili zimekwisha. Kusomewa sikukatazi. Asomewe akiwa wodini.

Tiba yake si ngumu. Anapewa dawa ya kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, anapewa vitamini B1 kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo na kukosekana kwake kunaweza kumharibia kumbukumbu moja kwa moja, na anakaa mahali ambapo kuna mtu wa kumwangalia usiku. Mpelekeni hospitali mkaeleze wazi anakunywa nini, kiasi gani, na ya mwisho alikunywa saa ngapi. Na hili litamshangaza shangazi: mpaka siku ya kwenda, msimkatie ghafla. Apunguze kama anaweza, lakini msimnyang'anye chupa Ijumaa jioni mkasubiri kliniki ya Jumatatu. Dozi ya vidonge vya kutuliza vya dukani msimpe kwa kukisia. Vikikutana na gongo iliyobaki mwilini, atalala usingizi ambao hauamki.

Sasa mdogo wako.

Arosto ya unga inatisha kuliko inavyoua. Huanza saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, mifupa inauma, tumbo linaendesha, hapati usingizi hata dakika. Baada ya siku tano mpaka saba mwili unatulia. Kijana mwenye nguvu akipewa maji ya chumvichumvi ya kutosha na mtu wa kukaa naye, atavuka. Akifungiwa peke yake na ndoo moja, huku anatapika na kuendesha, anaweza kukaukiwa maji mpaka figo zikafeli, na kuna waliojaribu kutoka kupitia dirishani na kamba ya shuka. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya usalama tu chumba cha uani sikikubali. (Kama angekuwa mwanamke mwenye mimba ningesema kwa ukali zaidi: arosto inaweza kuitoa mimba, na huyo hupelekwa kliniki siku hiyo hiyo.)

Lakini sababu yangu kubwa si siku saba hizo. Ni siku ya kumi na tano.

Mtu anayejidunga kila siku kwa miaka, mwili wake umejenga uzoefu. Kiasi anachopiga yeye asubuhi kingekuua wewe kabla hujatoa sindano. Uzoefu huo haudumu. Wiki mbili tatu bila unga zinaubomoa, na ubongo haumwambii mwenyewe kwamba umebomoka. Anachokumbuka ni kipimo chake cha zamani. Basi mlango unafunguliwa, kila mtu nyumbani anashukuru, yeye anapita kona fulani, tumbo linamgeuka kwa hamu ambayo hakuiomba, anarudi kwenye kipimo anachokikumbuka, na pumzi inasimama. Utafiti wa nchi nyingi umeliona jambo hili kwa wafungwa: wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani hatari ya kufa kwa kuzidisha unga hupanda mara nyingi kuliko kawaida yao. Na anayetoka nyumba ya nafuu, au kwenye chumba cha shangazi, mwili wake umerudi pale pale ulipo wa mfungwa.

Kwa hiyo mwaka juzi, ile wiki ya tatu simu yako ilipopotea, mlilia kwa sababu amerudia. Mimi nikisoma barua yako nashukuru kwamba alirudia akabaki hai.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mpango wowote wa kuacha, uwe wa chumba, wa nyumba ya nafuu, wa shamba kwa babu au wa maombi, simuulizi siku za kukaa ndani ni ngapi. Nauliza siku ya kutoka amepangiwa nini, na nani atakuwa naye mwezi ule. Familia nyingi hazina jibu. Zimetumia fedha zote kwenye kuingia.

Twende kwa mama na huo "unga wa serikali". Hasemi upuuzi. Methadoni kweli ni ya ukoo mmoja na heroini, inakaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, na anayeinywa kila siku akiikosa ghafla ataumwa. Anayemwambia mama kwamba haina uhusiano wowote na unga anamdanganya, na mama akigundua hatamwamini tena. Tofauti iko kwenye namna inavyopanda na kushuka. Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa: unga ni bamvua. Maji yanajaa mpaka ukutani, yanapwa mpaka mwamba unaonekana, na mdogo wako siku nzima anakimbizana na hayo maji, mara tatu nne kwa siku, kila yanapopwa lazima apate hela. Methadoni ni maji mafu. Yapo, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Dozi moja inashika zaidi ya saa 24. Kwa kipimo kinachomfaa halewi, hasinzii, haumwi, na hata akipiga kete juu yake haisikii kama zamani. Anapata kitu ambacho hajawahi kuwa nacho kwa miaka tisa: mchana mzima usio na kazi ya kutafuta.

Haikuanzia kwetu. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliianza tiba hii New York katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiweka methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tanzania ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na Unguja wakaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Sasa huhitaji kwenda Dar: ipo kliniki hapo hapo kwenu, hospitali ya Bombo, kama ilivyo Itega kule Dodoma, Sekou Toure Mwanza, na Mbeya. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017 uliokusanya takwimu za maelfu ya wagonjwa wa nchi mbalimbali ulionyesha kwamba vifo vya walio kwenye methadoni ni karibu theluthi moja tu ya vifo vya wale wale wanapokuwa nje ya tiba. Katika dawa zote nilizowahi kuzigawa, hazifiki tatu ninazoweza kuzisemea hivyo.

Na "hataacha mpaka kaburini"? Wapo wanaoacha baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi. Wapo wanaoendelea miaka mingi wakiwa wanajenga, wanaoa, wanalipa ada za watoto. Ninaowaogopea ni wanaoharakishwa na ndugu: "Miezi sita imetosha sasa, acha na hiyo." Wanashuka haraka, hamu inarudi, na wako nje ya dirisha letu. Mwambie mama asiihesabie miezi.

Namna inavyokwenda, ili usifike ukashtuka. Siku ya kwanza si ya dawa. Ni ya maswali, mkojo kupimwa kama kweli kuna unga, damu kwa Virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kuulizwa kikohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Kliniki nyingi hutaka aje na ndugu, na nyingi hupokea kupitia asasi za mtaani ambazo waelimishaji wake, wengi wao walishakuwa kwenye unga wenyewe, huzunguka maskani na kuwajua vijana kwa majina. Kama mdogo wako anasitasita kuingia na wewe, huenda akaingia na mmoja wao. Atapitishwa kwenye vikao vya ushauri kabla ya kuandikishwa. Daftari letu si daftari la polisi. Watu wengi wanakaa nyumbani kwa hofu hiyo, na ni hofu tupu: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yenyewe ni mdau wa kliniki hizi, na namba yao ya 119 ni ya bure, unaweza kuuliza kituo kilicho karibu bila kumtaja mtu.

Kisha linakuja dirisha. Dawa ni ya maji, anaipokea kwenye kikombe mbele ya macho yangu, anameza, anakunywa maji juu yake, halafu lazima aseme neno. Mwingine anasema asante, mwingine anataja matokeo ya Simba na Yanga. Si adabu ninayoitafuta, nataka kusikia kwamba mdomo ni mtupu, maana dozi iliyofichwa shavuni inauzwa nje ya geti, na aliyeinunua asiye na uzoefu anaweza kufa nayo. Nikimwambia mgonjwa mpya aongee anadhani namdharau. Baada ya mwezi yeye ndiye anayenikumbusha nikisahau.

Dozi ya kwanza huwa ndogo, haizidi miligramu 30 kwa kawaida, na hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa mpaka wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo ndugu mnahitajika kuliko siku nyingine yoyote. Siku tatu nne za mwanzo atasema, "Hii haifanyi kitu, bado naumwa." Ni kweli, kipimo hakijafika. Lakini methadoni inakaa mwilini muda mrefu, ya jana haijaisha ya leo inaingia, inajijaza kama pipa chini ya mchirizi. Akikosa subira akaenda kuongeza kete mbili, na Valium, kidonge cha kutuliza, juu, na konyagi aliyoipata kwa rafiki, siku ya nne au ya tano pipa linamwagika akiwa usingizini. Wiki mbili za mwanzo asilale peke yake. Anayekoroma kwa sauti ngeni, ya kukwama kwama, msimwache mkisema leo kalala vizuri. Mwamsheni. Asipoamka, ukaona midomo imekuwa ya kijivu na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, huko ni kuzidisha. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msipoteze dakika kumpiga makofi. Mvuteni kidevu juu njia ya hewa ifunguke, apuliziwe pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, huku mwingine anatafuta bajaji. Akiwa anapumua mwenyewe mlazeni ubavu. Hospitali wana naloksoni inayouondoa unga kwenye vipokezi kwa dakika chache, ila nguvu yake huisha kabla ya methadoni, kwa hiyo akizinduka msikubali arudi nyumbani saa ile ile.

Jambo jingine ambalo hata wahudumu wa vituo vingine husahau. Akigundulika na kifua kikuu na kuanzishiwa dawa, ile rifampisini iliyomo huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Nilikuwa na mteja mmoja, mchukuzi wa sokoni, miezi minane ametulia. Wiki ya pili ya dawa za kifua kikuu akaanza kutoka jasho na miayo dirishani. Nyumbani wakamwambia umerudia. Akaona kama ni lawama, bora alaumiwe kwa kosa alilolitenda, akarudia kweli. Kumbe alihitaji kuongezewa dozi tu. Baadhi ya dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi, efavirenzi mojawapo, hufanya vivyo hivyo. Kila dawa mpya anayopewa popote, aje nayo mkononi kliniki ya methadoni. Na siku rifampisini ikimalizika aje pia, maana ile dozi iliyoongezwa sasa itamzidi.

Fedha. Kwenye kliniki za serikali dawa na ushauri ni bure. Kinachowashinda watu ni nauli, kila siku, na Jumapili, na sikukuu. Kaeni familia muipange nauli hiyo kabla ya kuanza. Zile mlizochangia nyumba ya nafuu zingetosha nauli ya miezi mingapi? Na msimpe mkononi asubuhi noti nzima. Mlipe bodaboda mnayemjua kwa wiki, au mmoja aende naye mwezi wa kwanza. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi yake ya zamani hapewi tu, ataangaliwa upya na kupunguziwa, kwa sababu ile ile ya uzoefu uliobomoka. Siku tano na zaidi huanza karibu upya. Mgonjwa hukasirika, ndugu nao huja juu. Tunaukubali ugomvi huo.

Ramadhani mtaniuliza tu, kwa hiyo niseme: dawa inayoshika saa 24 na ushei inaweza kusogezwa baada ya futari, lakini lazima kliniki ipange. Asianze kujiruka siku mwenyewe.

Mjomba na hewa ya Mombasa. Namheshimu, ila unga upo Mombasa tangu kabla mdogo wako hajazaliwa, na kijana mwenye arosto hupata maskani mpya kwa nusu saa, hata mjini asikomjua mtu. Kitu pekee cha kweli katika kuhama ni kuziepuka kona zinazomwita. Nina mtu aliyekaa mwaka mzima safi, daladala ikapita tu mbele ya gofu walilokuwa wakikaa, akashikwa na miayo na makamasi kama wa siku ya pili. Mwili unakumbuka mahali. Kwa hiyo kama mjomba ana kazi ya kumpa na chumba, sawa, lakini aende akiwa ameshatulia kwenye dozi, na barua ya uhamisho kutoka kliniki hadi kliniki. Kenya nao walianza methadoni Desemba 2014 kule Mathari, Nairobi, na pwani wanazo kliniki, Kisauni na Malindi zikiwemo. Simu yao ya bure ni 1192. Aende huku dozi ikimsubiri kule. Bila hiyo mnamhamishia mjomba tatizo pamoja na begi.

Nyumba za nafuu sizidharau. Nimewaona waliosimama kwa zile hatua 12 za vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha, na kwa wenzao wanaosema "leo tu", na kwa mtu wa bangi, au pombe akishatolewa sumu salama, huenda ndiyo njia bora. Kwa unga wa miaka tisa, na sasa wa kujidunga, njia hiyo peke yake naiona dhaifu. Mkirudi huko siku moja, kabla ya kulipa ulizeni: mgonjwa akiugua usiku anapelekwa wapi? Mnaruhusu anayekunywa methadoni? Akitoka, nani anampigia simu wiki ya kwanza? Nyumba ninayoifahamu, jina naliacha, ilikuwa inawafunga minyororo vijana wapya siku za arosto na kuita hiyo nidhamu. Mkiona mnyororo, au mkikatazwa kumwona mgonjwa wenu akiwa peke yake, ondokeni naye.

Nyumbani sasa, na hapa ninasema kama mama mwenye watoto. Mfungie vitu, usimfungie yeye. Simu, mtungi wa gesi, redio, vikae mahali pa kufuli bila hotuba. Fedha taslimu asipewe, hata ya vocha, lakini chakula asinyimwe na kitanda asinyimwe. Mama aache kulipa madeni ya kijiweni kwa siri. Najua analipa, karibu wote wanalipa, kwa kuogopa atapigwa. Akirudia kete moja akiwa kwenye tiba asifukuzwe, kuteleza si kuanguka. Mkojo ukionyesha unga sisi hatumtoi kwenye dawa, tunauliza dozi inatosha au kuna jambo limemkuta. Nanyi ulizeni hivyo hivyo. Na akishatulia, mwezi wa tatu hivi, tatizo jipya litakuwa mchana mrefu. Hukuniambia alikuwa fundi wa nini kabla. Lolote lile, hata kuosha magari saa tatu kwa siku, litafutwe mapema, kwa mtu atakayekubali afike saa mbili na nusu baada ya dirisha badala ya saa moja.

Jumatatu, basi, nenda naye Bombo asubuhi, na baba mdogo aende na shangazi, wodi nyingine, siku hiyo hiyo kama mnaweza. Mama kama bado anakataa, msibishane naye nyumbani. Mchukueni siku moja akae kwenye benchi pale nje ya dirisha kuanzia saa moja mpaka saa tatu, awaone wanaoingia na wanaotoka: wenye ovaroli za gereji, mwenye mtoto mgongoni, mzee wa makamo na kanzu yake. Wapo wanaosinzia pia, wale wapya, sitamficha. Awaulize anachotaka. Wengi wao wana mama aliyesema maneno yale yale.